Ndege Asiyevuka Shamba la Chai

Mada ni safari ya aina ya pekee: safari ya mtu anayevuka bahari kwenda kumtazama ndege mdogo wa msituni, ilhali ndege huyo mwenyewe hathubutu kuvuka hata shamba la chai.

Kiswahili kimempa jina moja kiumbe mwenye mbawa na chombo cha angani, kwa hiyo Mswahili ana haki ya kutabasamu anaposikia kwamba kuna watu wanaopanda ndege ili wakamwone ndege. Lakini watu hao wapo, tena ni wengi. Wanatoka Uingereza, Uholanzi, nchi za Skandinavia, Marekani na Afrika Kusini. Baadhi yao ni wastaafu. Wengine ni walimu, madaktari na wahandisi waliojiwekea akiba kwa miaka. Duniani kuna aina za ndege zipatazo 11,000, na wapo wanaoandika daftarini kila aina waliyoiona kwa macho yao, tangu utotoni hadi uzeeni.

Afrika Mashariki na Kati ni neema kwao. Tanzania na Kenya, kila moja ina aina zaidi ya 1,100. Uganda, ijapokuwa ni ndogo kwa eneo, ina zaidi ya 1,000. Na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo imo katika kundi hilo hilo la nchi tajiri. Hata hivyo, wingi sio unaomfanya mtazamaji wa ndege akose usingizi. Kinachomkosesha usingizi ni yule ndege asiyepatikana mahali pengine popote ulimwenguni. Na ndege wa namna hiyo, mara nyingi, makazi yake ni msitu wa mvua ulio mlimani.

Mfano ulio karibu zaidi na mwambao wa Waswahili ni Usambara Mashariki, katika mkoa wa Tanga. Usambara ni sehemu ya safu iitwayo Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Safu hiyo ina mafungu 13 ya milima, na kati ya fungu moja na jingine kuna nyika kavu. Pepo za Bahari ya Hindi hufika zikiwa zimebeba unyevu, zikagonga miteremko, zikapanda, zikapoa, kisha zikamwaga mvua. Amani, iliyo katikati ya Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati nyika iliyo nyuma ya milima inalia kiu.

Wanasayansi hueleza kwamba zamani za kale misitu ya Afrika ya Kati ilienea hadi karibu na bahari hii. Bara lilipozidi kukauka, misitu ile ilirudi nyuma upande wa magharibi, ila katika milima hii ilibaki, kwa sababu bahari haikuacha kuinywesha. Kila fungu la milima likawa kama kisiwa. Tofauti ni kwamba badala ya kuzungukwa na maji, limezungukwa na ukavu. Ndege waliosalia juu walitengwa na jamaa zao kwa muda mrefu mno, wakabadilika kidogo kidogo, hata wakawa aina za peke yao.

Jambo hilo halikuwapata ndege tu. Wasikilizaji walio Ulaya huenda wamewahi kuona, kwenye madirisha ya majirani, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Mbegu na miche yake ilichukuliwa kutoka sehemu hizi mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Wajerumani, na leo ua hilo linauzwa katika masoko ya miji mingi ya Ulaya na Marekani. Ua lilikubali kusafiri. Ndege wa Usambara hawakukubali, na anayetaka kuwaona hana budi kuwafuata kwao.

Njia ya kuwafuata hupitia Muheza, kisha hupanda kwa barabara hadi Zigi, lilipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia mwaka 1902, na baadaye wakajenga reli iliyofika hapo Zigi. Mtaalamu wao mmoja wa wanyama, Julius Vosseler, ndiye ambaye jina lake lilipewa bundi mkubwa wa Usambara, aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 1908.

Waingereza waliposhika nchi, kituo kiliendelea. Mwaka 1928 alifika Amani Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa mkaguzi wa hesabu mjini Cairo, ambaye mapenzi yake kwa ndege yalianza kama burudani yakaishia kuwa kazi ya maisha. Alikaa hapo hadi mwaka 1946. Mwaka 1931 mwenzake, William Sclater, alitangaza ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, wa jamii ambayo Wazungu huiita ya washonaji, kwa kuwa baadhi yao hushona majani kutengeneza viota. Ndege huyo akapewa jina la Moreau. Mwaka 1938 ndege mwingine, kutoka milima ya Uluguru, alipewa jina la mke wake, Winifred.

Mshonaji huyo wa Amani ni miongoni mwa ndege walio adimu kuliko wote barani Afrika. Anajulikana katika sehemu mbili tu: Usambara Mashariki, na uwanda wa milima ya Njesi kaskazini mwa Msumbiji, umbali wa mamia ya kilomita. Hana rangi ya kumvutia mpita njia. Anajificha katika mitambaazi, kando ya msitu na palipoanguka miti, na wapo wageni waliopanda Amani mara mbili au tatu wakaishia kuisikia sauti yake tu.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba ndege hawa wengi wana majina ya wageni. Wenyeji waliowaongoza wageni hao njiani, waliojua nyayo, viota na milio, ni wachache mno walioandikwa vitabuni. Lakini ujuzi wao ulikuwapo kabla ya sayansi kufika, na kisa kimoja kinalithibitisha hilo vizuri. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya Udzungwa. Walipokwisha kula, waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Walimtafuta, na mwaka 1994 wakamtangaza kwa ulimwengu: kwale wa msituni asiyejulikana kabla, ambaye jamaa zake wa karibu wanafikiriwa kuwa kwale wa misitu ya Asia. Kwa maprofesa alikuwa ajabu ya karne. Kwa mpishi alikuwa kitoweo.

Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, nacho kina maana nzito. Ndege mmoja huweza kuwa vitu viwili, chakula cha jioni moja au sababu ya watu kusafiri kwa miaka mingi. Anakuwa kimojawapo kwa kutegemea anayefaidika naye. Swali hilo la nani anafaidika ndilo linaloamua kama msitu utakuwapo kesho.

Lakini kwanza, safari yenyewe huwaje? Huanza kabla ya mapambazuko. Mgeni huingiza suruali ndani ya soksi kwa kuogopa siafu, hutundika darubini shingoni, na humfuata kiongozi wake kimyakimya. Katika nyika za Serengeti jicho hufika mbali, na simba huonekana hata na mtu aliyelala nusu usingizi ndani ya gari. Msituni jicho halina nguvu. Majani yamefunga pande zote, ukungu umeshuka, na miti imeficha vilele vyake. Huko darubini humfuata sikio.

Na sikio hilo ni la mwenyeji. Kiongozi wa ndege wa Amani, kijana aliyezaliwa katika kijiji cha pembeni mwa msitu, husimama ghafla na kuinua kidole. Mgeni hasikii kitu isipokuwa matone yanayodondoka. Kiongozi amesikia sauti tatu. Ya kwanza ni ya hondohondo, ambaye mbawa zake huvuma angani kama ukuti unaopepewa kwa nguvu. Huyo kila mtu atamsikia punde. Ya pili ni ya chozi, anayenyonya maua juu kabisa. Ya tatu, nyembamba kama filimbi ya mtoto, ndiyo iliyomfanya asimame. Nusu saa nzima msitu unaweza kuwa mtupu, kisha ghafla hupita msafara wa ndege wa aina kumi au zaidi wanaotafuta wadudu pamoja, na baada ya dakika tano kimya hurudi. Asiyezijua sauti huondoka na daftari jeupe.

Ujuzi wa namna hii haupatikani Amani peke yake. Ng'ambo ya mpaka, katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, anaishi bundi mdogo asiyezidi sentimita 17, aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 1966, na ambaye baadaye alionekana pia katika misitu ya chini ya Usambara. Mchana hulala kwenye vichaka, rangi yake ikifanana na jani lililokauka. Mgeni anaweza kupita hatua mbili kutoka kwake asimwone. Viongozi wa hapo huenda wakamwonyesha tawi lenyewe, kwa sababu walitangulia asubuhi na mapema kutafuta mahali alipolala siku hiyo. Kazi hiyo ya alfajiri, ambayo mgeni haioni, ndiyo anayoilipia.

Tekinolojia imeongeza faida na madhara. Siku hizi mlio wa ndege hutunzwa ndani ya simu, na ukichezwa msituni ndege huja mbio akidhani mshindani ameingia katika himaya yake. Mara moja si neno. Lakini ndege adimu anayeitwa kila siku, na kila kundi linalopita, hupoteza nguvu ambazo angezitumia kulisha makinda. Kiongozi mwema huizima simu upesi, na kuna nyakati huikataa kabisa, hata mgeni akinuna.

Turudi sasa kwa yule ndege asiyevuka shamba. Tangu mwaka 1987 mtafiti Mmarekani William Newmark, pamoja na wasaidizi wenyeji wa Usambara, amekuwa akiwachunguza ndege wa tabaka la chini la msitu, wale wanaoishi kivulini karibu na ardhi. Hunaswa kwa nyavu nyembamba, hupimwa, huvishwa pete ndogo mguuni, kisha huachiliwa. Kazi hiyo imefanyika katika vipande vya msitu vya kila ukubwa, vingine vidogo kuliko uwanja wa mpira, vilivyobaki baada ya msitu kukatwa kwa ajili ya chai na mashamba mengine.

Matokeo yake ni ya kusikitisha. Kadiri kipande kinavyokuwa kidogo na kuwa mbali na msitu mkubwa, ndivyo kinavyopoteza aina zake za ndege, moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha pia kwamba viota vilivyo katika vipande huharibiwa mara nyingi zaidi kuliko vilivyo katika msitu mpana. Na wengi wa ndege hawa wa kivulini hawathubutu kutoka kwenda kutafuta makao mengine. Ndege anayeweza kuruka kwa nguvu zake zote husimama ukingoni mwa uwazi wa mita mia chache, jua likiwaka juu ya majani ya chai, asivuke. Upande wa pili kuna msitu, kuna chakula, pengine kuna mwenzi. Kwake, upande huo ni kama haupo.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Usambara imefundisha kwamba ubawa pekee hautoshi. Ndege anahitaji pia kivuli cha kurukia. Huko Taita, mwanzo wa safu hii hii, vipande vya msitu vilivyobaki vimekaa juu ya vilele vichache, na humo wamejifungia ndege wenye jina la Taita ambao hawapo kwingineko duniani na ambao wamo hatarini kutoweka.

Ndiyo sababu wahifadhi wa Usambara walikuja na wazo la ushoroba, yaani njia ya msitu inayounganisha msitu na msitu. Hifadhi ya Amani, yenye zaidi ya hekta 8,000, ilianzishwa rasmi mwaka 1997. Kaskazini yake kulikuwa na msitu wa Derema, na Derema ikihifadhiwa, ndege wangeweza kupita chini ya miti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tatizo ni kwamba Derema haikuwa tupu. Mamia ya wakulima walikuwa na iliki humo.

Msikilizaji anayekunywa kahawa mjini Muscat, au chai ya maziwa mjini Mombasa, anaijua iliki kwa harufu. Mkulima wa Usambara anaijua kwa namna nyingine. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo hupandwa chini ya miti mikubwa, baada ya kufyeka miche na vichaka. Kwa anayetazama kutoka mbali msitu unaonekana mzima. Ukiingia ndani unaona miti mizee isiyo na watoto, na tabaka la chini, lililo nyumba ya ndege wa kivulini, limekwisha ondolewa. Lakini iliki hiyo ndiyo iliyolipa ada za shule. Ndiyo iliyonunua mabati na dawa. Ilikuwa zao jepesi kubeba kichwani hadi barabarani, na lenye bei nzuri kuliko muhogo.

Katika miaka ya 2000 wakulima hao walitakiwa kuiacha iliki yao, wakalipwa fidia kwa kila shina. Kuhusu fidia hiyo yalikuwapo malalamiko mengi: kwamba ilichelewa, kwamba haikulingana na mapato ambayo shina lingeleta kwa miaka iliyofuata, na kwamba fedha huisha lakini shamba haliishi. Mwenye kuitazama habari hii kwa haki hawezi kuwaita wakulima hao maadui wa ndege. Walikuwa watu walioombwa kujitoa njiani ili ndege apite.

Na hapa ndipo msafiri mwenye darubini anapoingia katika hesabu, apende asipende. Njia anayoitembea kwa furaha imetunzwa kwa gharama, na sehemu ya gharama hiyo imelipwa na familia ambazo hazijui hata jina la ndege aliyemfuata. Anadaiwa, na deni hilo hawezi kulilipia kwa kupiga picha nzuri.

Waswahili wana msemo unaofaa kabisa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo hausemi mgeni njoo, mwenyeji atazame. Mtalii wa ndege ana uwezo wa kumponya mwenyeji kuliko watalii wengi wengine, kwa sababu hana haraka. Anayekuja kumwona simba hupita siku moja na kulala katika hoteli yenye ukuta. Anayemtafuta ndege wa msituni hukaa siku tatu, nne, hata wiki, katika sehemu ambazo hazina hoteli kubwa. Anahitaji kiongozi, mpishi, mahali pa kulala, ndizi, mayai na mtu wa kumsukumia gari likikwama kwenye matope. Mahitaji hayo yote kijiji kinaweza kuyatimiza.

Kwamba jambo hili linawezekana, upo ushahidi kutoka bara jingine lenye misitu ya mlimani kama hii. Nchini Ecuador, kwenye miteremko ya milima ya Andes karibu na mji mdogo wa Mindo, mkulima aitwaye Angel Paz alikuwa akiishi kwa kilimo na kwa kukata miti. Katika shamba lake kulikuwa na mahali ambapo ndege wekundu madume hukusanyika alfajiri kucheza mbele ya majike, na mwaka 2005 alianza kuwapokea wageni waliotaka kuwaona. Alipokuwa akitengeneza njia, alikutana na ndege mwingine wa chini ya msitu, mwenye miguu mirefu na rangi ya kahawia, ambaye watazamaji wengi wa dunia walikuwa wamemtafuta miaka mingi bila mafanikio. Paz alikuwa na subira. Kila siku alimpelekea nyungunyungu, na siku nyingi zilipopita, ndege yule akazoea kutoka. Alimpa jina la Maria.

Habari zilienea, wageni wakaja kutoka kila pembe, na msitu ambao ungekuwa mbao ukawa riziki ya familia nzima. Lakini tofauti moja isisahaulike. Msitu ule ulikuwa mali ya Paz, na kila senti ya kiingilio ilifika mkononi mwake. Mkulima wa pembeni mwa Amani hamiliki hifadhi. Faida humfikia kwa njia ndefu zaidi: kupitia ajira ya kijana wake, kupitia mgao wa mapato kwa kijiji, kupitia mayai aliyouza. Njia ikiwa ndefu, mengi humwagika kabla ya kufika.

Aidha, riziki ya wageni si ya kutegemewa kama mvua ya Usambara. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga viwanja vya ndege duniani, viongozi wa misitu walikaa bila kazi kwa miezi mingi. Tangazo moja la tahadhari la serikali ya Ulaya linaweza kufuta safari za msimu mzima. Na majaribu ya msitu hayangoji. Mwaka 2003 na 2004 wachimbaji wadogo wa dhahabu walimiminika Usambara Mashariki, wakachimba hata ndani ya misitu na kandokando ya mito. Dhahabu huahidi leo. Ndege huahidi kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Mwenye njaa husikiliza ahadi ya leo.

Kwa hiyo si kweli kwamba utalii wa ndege peke yake utaokoa misitu ya milima. Anayesema hivyo anauza tiketi. Lililo kweli ni dogo zaidi, nalo linatosha: utalii huo humpa mwenyeji mmoja, kisha wa pili, kisha wa kumi, sababu ya kuijua sauti ya ndege kwa ajili ya mshahara, si kwa ajili ya mtego. Mtu huyo akisikia shoka linalia mahali lisipostahili, hulisikia kama mtu aliyeibiwa. Hifadhi ina walinzi wachache, lakini masikio kama hayo huongeza ulinzi bila bunduki.

Na msitu ukilindwa, anayefaidika si ndege na mgeni wake tu. Mto Zigi huanzia katika milima hii, na maji yake ndiyo yanayokingwa katika bwawa la Mabayani kwa matumizi ya jiji la Tanga. Mama anayefungua bomba Tanga mjini hajawahi pengine kusikia habari za ndege mshonaji mwenye mdomo mrefu. Lakini wote wawili wanakunywa kutoka mlima mmoja.

Wapenzi wasikilizaji, wengi wenu mlio ughaibuni hurudi nyumbani likizo, mkiwa na watoto waliozaliwa mbali. Kwa kawaida watoto hao hupelekwa pwani, na wenye nafasi hupelekwa mbugani. Ni wachache wanaopandishwa Amani, Taita, Nyungwe ya Rwanda au Bwindi ya Uganda, ingawa misitu hiyo iko wazi kwao kama ilivyo wazi kwa mgeni kutoka Amsterdam, na katika hifadhi nyingi kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Mtoto anayekwenda huko na babu yake hupata pia kitu ambacho mgeni hakipati: babu anaweza kumwambia ndege yule aliitwaje kijijini, na mlio wake ulimaanisha nini kwa mkulima aliyekuwa akisubiri mvua. Majina hayo nayo yanatoweka, na hayana hifadhi.

Atakayefunga safari hiyo na azingatie mambo machache. Na amwajiri kiongozi wa kijiji kile kile, asije na wake kutoka mjini. Na alale karibu na msitu, ale kinachopikwa pale. Na amwachie kiongozi uamuzi kuhusu kucheza mlio wa ndege. Na kabla ya kuondoka aulize, kwa adabu, familia za ushoroba zinaishije siku hizi. Kwani swali likiulizwa na wageni wengi, huanza kuwafikia wenye kutoa majibu.

Huko Derema, mahali palipokuwa na iliki, miche na vichaka vya msituni vinachipua tena chini ya miti mizee. Ni kazi ya miaka mingi kabla kivuli hakijawa kizito kiasi cha kumshawishi ndege wa chini ya msitu apite. Siku atakapopita hakutakuwa na shangwe. Mtu wa pale, mwenye sikio lililozoea, atausikia mlio mwembamba upande ambao jana haukusikika, naye atasimama na kuinua kidole.